Miezi mitano ya mafuta ya nyonyo, mbona nywele za mbele hazirudi?

Swali: "Daktari, naishi Arusha, nina miaka 31. Nilijifungua mtoto wa pili miezi tisa iliyopita. Mtoto alipofika miezi mitatu hivi nywele zikaanza kutoka kwa mafungu. Nikichana zinajaa kwenye kitana, nikiosha zinaziba tundu la bafuni. Mama mkwe akaniambia nisiogope, mtoto akianza kucheka nywele za mama hushuka. Nikaenda kusuka rasta ndogo ndogo ili nisizione zikidondoka, na tangu hapo nasuka mfululizo. Sasa ni mwezi wa tano napaka mafuta ya nyonyo kila usiku. Nimeyachemsha na majani ya rozimeri na karafuu, nayasugua mpaka kichwa kinapata moto. Nyuma naona zimejaa, lakini mbele na pembeni juu ya masikio vimebaki vimalaika tu na ngozi inang'aa. Siku hizi kichwa kinawasha na kina mba wa njano unaonata. Rafiki yangu anasema nyonyo yangu si halisi, ninunue ile nyeusi ya kutoka nje ya shilingi elfu thelathini na tano. Binti yangu wa miaka sita naye ana viraka viwili kichwani vyenye magamba, nampaka mafuta hayo hayo lakini naona vinatanuka. Nibadilishe mafuta au niongeze muda? Ni mafuta gani ya asili yanayootesha nywele kweli?"

Dada yangu, hongera kwa uzazi na pole kwa hofu. Mafuta nitayafikia, tena kwa kirefu, lakini niruhusu nianze na yule uliyemtaja mwishoni, maana yeye hawezi kusubiri.

Mtoto wa miaka sita mwenye kiraka kichwani, kina magamba na kinatanuka, ana mapunye mpaka ithibitike vinginevyo. Mapunye ni fangasi, na fangasi huyu hakai juu juu. Huingia ndani ya unywele wenyewe, chini ya ngozi, ndiyo maana nywele hukatikia pale zinapochomoza na kuacha vinukta vyeusi. Mafuta hayamfikii huko. Hata dawa za fangasi za kupaka, zikitumika peke yake, hazimalizi mapunye ya kichwani. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, na mara nyingi hapa kwetu ni griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa mazima, kwa sababu ndivyo mwili unavyoifyonza vizuri. Usimkatizie viraka vikianza kuota nywele. Amalize wiki zote alizopangiwa.

Mpeleke kituo cha afya wiki hii. Kuanzia leo awe na kitana chake, taulo lake na mto wake, na mashine ya kunyolea isipite kichwani kwake kisha kwa mwingine. Chupa ya mafuta mnayochangia itupe, kwa kuwa kidole kilichogusa kiraka kimekuwa kikirudi humo kila usiku. Mkague na mdogo wake. Ukiona kiraka kimevimba, ni laini ukikibonyeza, kinauma na kutoa usaha, usingoje mwisho wa wiki. Uvimbe wa namna hiyo ukicheleweshwa huacha kovu ambalo halioti nywele maisha yote.

Sasa tuje kwako. Kichwani mwako kuna mambo matatu, na wewe umeyapa yote dawa moja. La kwanza ni nywele zilizotoka baada ya kujifungua, nalo limekwisha lenyewe. La pili ni nywele za mbele na pembeni, ambalo mafuta hayaliwezi. La tatu ni mba na muwasho, na hapo nina mashaka kwamba mafuta yenyewe yamechangia.

Kila unywele una kalenda yake. Hukua mfululizo kwa miaka, kati ya miwili na sita, kisha husimama na kupumzika kwa miezi kama mitatu, halafu hudondoka na mwingine kuota pale pale. Kwa kuwa kila mmoja una zamu yake, mtu mzima hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku na wala hashtuki. Ujauzito huvuruga zamu hizo. Homoni za mimba huziweka nywele nyingi katika hali ya kukua, ndiyo maana wajawazito wengi huwa na nywele nzito kuliko kawaida yao. Ukijifungua, homoni hushuka ghafla, na nywele zilizokuwa zikisubiri zamu huingia mapumzikoni kwa pamoja. Ongeza ile miezi mitatu ya mapumziko, utaona kwa nini zinashuka wakati mtoto anaanza kucheka. Mama mkwe wako amepatia tarehe, ila mtoto hana hatia.

Huku Kilimanjaro jambo hili huwatisha wanawake kwa namna ya pekee, kwa sababu wengi hukaa ndani ya uzazi kama miezi mitatu, wakilishwa mtori na kupumzishwa. Siku za kutoka nje zinapofika ndipo nywele zinaanza kumwagika. Nimekaa na akina mama waliokuwa na hakika kwamba ni jicho la mtu aliyewaona wamependeza. Si jicho. Mimi mwenyewe, baada ya mtoto wangu wa pili, nilikuwa nikiokota nywele kwenye kanga ya mtoto kila asubuhi, na pamoja na elimu yote niliyokuwa nayo nililia. Kwa wanawake walio wengi hali hii hutulia yenyewe kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili baada ya kujifungua. Kwa hiyo nywele zako za nyuma zimejaa kwa sababu wakati wake ulifika. Najua umeamka usiku mwingi kupaka yale mafuta, na hutafurahi kusikia hivi, lakini zingejaa hata bila nyonyo.

Jaribu jambo hili kesho asubuhi. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye kitana, usimame dirishani, uunyooshe kati ya vidole viwili na utazame ncha zake. Ukiona ncha moja ina kitone cheupe, kidogo kuliko punje ya chumvi, unywele huo umetoka na kishina chake. Ulimaliza muda wake ukadondoka. Ukiona ncha zote mbili hazina kitu, zimechanika kama uzi wa katani, unywele huo umekatika njiani na mzizi wake bado uko kichwani, mzima, unaendelea kukua. Watu huita yote mawili "nywele kukatika", na hapo ndipo mkanganyiko wote wa mafuta unapoanzia. Kudondoka ni habari ya mzizi, kukatika ni habari ya unywele uliokwisha kutoka nje. Mafuta husaidia hilo la pili.

Mzizi wa unywele umezama milimita kadhaa chini ya ngozi na hulishwa na damu. Unywele unaouona nje hauna uhai, kama ncha ya ukucha. Wewe ni mtu wa huku kwetu, umeona migomba. Ukitaka mkungu mzuri unaweka samadi shinani, hupaki majani mafuta. Majani ukiyapaka yatang'aa na pengine upepo hautayachana upesi, lakini mgomba haujala kitu. Mafuta kichwani hufanya kazi hiyo ya kwenye majani. Ni kazi ya maana sana, hasa kwa nywele zetu.

Nywele za kipilipili hujikunja tangu zinapochomoza. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa hutengeneza yenyewe hushindwa kupanda kona zote hizo mpaka nchani, kwa hiyo ncha hubaki kavu, na kila kona ni mahali pepesi pa kukatikia. Unywele wa kichwani hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na wa Kiafrika kwa wastani pungufu kidogo ya hapo. Kama unakatika nchani kwa kasi ile ile unayokua shinani, mwaka utaisha urefu uko pale pale na utasema nywele zako hazikui. Zinakua, ila hazibaki. Mwanamke aliyepaka mafuta vizuri kwa mwaka mzima na nywele zake zikafika mabegani hakudanganyi anapokuambia mafuta yamezikuza. Ameona kwa macho yake. Kilichotokea ni kwamba zilizokuwa zikikatika zimeacha kukatika.

Kwa kazi hiyo, mafuta ambayo ningekuchagulia ni ya nazi. Watafiti wa India waliyapima mwaka 2003 pamoja na ya alizeti na mafuta ya madini, yale yanayotokana na petroli, wakaona kwamba ya nazi peke yake yalipunguza protini inayopotea kwenye unywele, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Sababu ni asidi ya lauriki iliyomo ndani yake. Chembe zake ni ndogo na zimenyooka, zinapenya ndani ya unywele, wakati mengine hukaa juu. Kwako Arusha kuna njia rahisi ya kuyakagua. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi ya Julai chupa yako inapaswa kuwa imeganda nyeupe kama samli. Ikiwa bado inachuruzika kama maji kwenye baridi ile, kuna uwezekano mkubwa kwamba yamechanganywa na mafuta mengine.

Ya parachichi na ya alizeti hayapenyi kwa kiwango hicho, lakini hufunika unywele vizuri, huulainisha na kuzuia maji yasitoke haraka. Kama unayo jikoni na hayajaanza kunuka uvundo, hayana ubaya.

Nyonyo ni mazito sana, kwa sababu karibu yote ni asidi moja inayoitwa risinoleiki. Yanang'arisha, yanafunga unyevu nchani, na nywele nyembamba zikipakwa huonekana zimeshiba. Lakini sijui jaribio hata moja lililofanywa kwa uangalifu likaonyesha kwamba yanaotesha nywele. Uzito wake pia una gharama. Ukiyapaka mengi nywele hugandana, na wakati wa kuzichambua unang'oa na kukata zile zile unazozitunza. Ile nyeusi ya Jamaika ambayo rafiki yako anaisifu imepata rangi kwa sababu mbegu hukaangwa kabla ya kukamuliwa. Mafuta yake ni yale yale. Hizo elfu thelathini na tano zinahitajika kwingine, nitakuambia wapi. Na kama mtu anakukamulia nyumbani, mbegu za mbarika, ndizo zinazokamuliwa nyonyo, zisikae mahali mtoto anapofikia. Mafuta hayana sumu ile, ila mbegu ikitafunwa ina sumu kali inayoweza kuua.

Kuhusu rozimeri nitasema ukweli wote, maana hapo kuna jambo la kweli lililokuzwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa Iran wa watu 100 wenye upara wa kurithi. Nusu walipaka mafuta ya rozimeri, nusu minoksidili ya asilimia 2, dawa ya kupaka inayotumika kuotesha nywele. Baada ya miezi mitatu hakukuwa na mabadiliko ya maana. Baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa na ongezeko dogo, na hayakutofautiana. Ni habari ya kutia moyo, lakini hapakuwa na kundi la tatu lililopaka kitu kisicho na dawa ili tulinganishe, na upara wa kurithi si tatizo lako. Tena majani yaliyochemshwa kwenye nyonyo si sawa na yale mafuta makali yanayokamuliwa kwa mvuke na kuuzwa kwenye vichupa vidogo. Na hayo makali hayapakwi hivi hivi. Matone sita hadi kumi na mawili kwenye mililita 30 za mafuta mengine yanatosha.

Karafuu iache kabisa. Ina kiini kikali kiitwacho eujenoli, ndicho kinachofanya jino linalouma life ganzi. Kikikaa kila usiku kwenye ngozi kinaweza kuiunguza na kuifanya ianze kukikataa. Na ule moto unaousikia ukisugua si damu inayokimbilia kwenye mizizi. Ni ngozi inalalamika. Kukanda kichwa kwa ncha za vidole, polepole, hakudhuru na kunaburudisha. Kusugua kwa nguvu kwenye nywele ambazo tayari ni vimalaika ni kuzimaliza.

Sasa huo mba wa njano unaonata. Juu ya ngozi ya kichwa cha kila mtu huishi hamira fulani, kiumbe mdogo jamii ya fangasi, ambaye chakula chake ni mafuta. Kwa watu wengine hutulia tu. Akilishwa kupita kiasi huongezeka, ngozi hukasirika, hubanduka na kuwasha. Wewe umemlisha kila usiku kwa miezi mitano, kisha ukamfunika chini ya rasta ambazo huziosha mara chache. Acha kupaka mafuta yoyote kwenye ngozi ya kichwa. Nunua famasi shampuu ya ketokonazoli, yaani yenye dawa ya fangasi, uitumie mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Ipake kwenye ngozi, si kwenye urefu wa nywele, iache dakika tano, suuza, kisha weka kondishona kwenye nywele zenyewe kwa sababu shampuu hiyo hukausha. Magamba yasipopungua baada ya hapo tutahitaji kuyaangalia, tena kwa kuwa una mtoto mwenye mapunye nyumbani nawe unapaswa kukaguliwa. Ni nadra kwa mtu mzima, lakini hutokea.

Nimeacha za mbele mwisho kwa sababu ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi.

Fikiria ulivyofanya, dada yangu, na nakusimulia bila kukulaumu maana wengi wamefanya hivyo. Nywele zilikuwa zinadondoka, zilizobaki chache na nyembamba, na hizo chache ukazifungia uzito wa rasta ndogo ndogo, mfululizo, bila kupumzisha. Unywele ukivutwa siku baada ya siku, mzizi wake hulegea na ngozi inayouzunguka huvimba. Dalili za mwanzo ni zile ambazo saluni tunaambiwa ni kawaida: paji kuvutika mpaka nyusi zinapanda, vipele vidogo kama chunusi kwenye mistari, kichwa kuuma usiku wa kwanza hata mto unaukwepa. Si kawaida. Ni mzizi unaumia. Ukiumizwa mara nyingi, hutoa unywele mwembamba zaidi kila unapoanza upya, mpaka unabaki kutoa malaika. Ukiendelea kuumizwa hufunga, kovu hukaa mahali pake, na hapo hakuna mafuta, dawa wala maombi ya saluni yatakayoufungua. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi, na wenzake huko Cape Town, Afrika Kusini, uliwakuta takriban theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa wana upara huu wa kuvutwa, na hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizonyooshwa kwa dawa zinaposukwa na kuongezewa nyingine. Tatizo hili si lako peke yako, na wala si aibu.

Umesema kuna vimalaika na umesema ngozi inang'aa. Vimalaika vinanipa matumaini, maana ni mizizi inayojaribu. Kung'aa kunanipa haraka, kwa sababu ngozi inayong'aa bila hata vitundu vya nywele mara nyingi ni kovu lililoanza. Kwa maneno siwezi kujua wewe uko wapi kati ya hayo mawili. Kwa kioo cha kukuzia chenye taa huonekana kwa dakika chache. Kwa hiyo hizo elfu thelathini na tano zifanye nauli na ada ya kumwona daktari wa ngozi. Unaweza kuanzia Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru upewe rufaa, au uje huku Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC, ambako kituo cha kanda cha kufundisha matibabu ya ngozi kipo tangu 1992. Kama kuna uvimbe unaoendelea, kuna dawa za kupaka au za kuchoma kwenye ngozi zinazoutuliza. Minoksidili nayo husaidia baadhi ya wanawake wenye tatizo hili, lakini wewe bado unanyonyesha, usijinunulie. Hilo muamue pamoja na daktari wako.

Usisubiri miadi ndipo ufumue. Fumua wiki hii, na uzipe nywele za mbele angalau miezi sita bila kuvutwa na kitu chochote. Najua ninachokuomba. Mwanamke mwenye rasta huamka, akafunga kilemba, akaenda kazini. Asiye na rasta ana kazi kila asubuhi, tena ana mtoto mgongoni. Kuna arusi, kuna kipaimara, na kuna shangazi atakayeuliza kama unaumwa. Unaweza kuzinyoa fupi zote zianze pamoja, na kwa mwanamke mwenye mtoto mchanga naona hilo ndilo jepesi kuliko yote. Kama huwezi kuachana na urefu wa nyuma, sokota misokoto minene iliyolegea, usiguse mstari wa mbele, wala usizibane nyuma kwa kibanio. Kilemba kisibane, na kiwe na kitambaa laini cha satini ndani. Wigi lisiwe la gundi, na livuliwe ukifika nyumbani. Dawa ya kunyoosha nywele isubiri. Kama mizizi bado ni mizima, kati ya mwezi wa tatu na wa sita utaanza kuona malaika zinakuwa nene na nyeusi. Leo hii piga picha mbele ya dirisha, uso wa mbele na kila upande, urudie kila tarehe hiyo ya mwezi, mahali pale pale. Kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko ya polepole, picha itakuonyesha.

Samadi ya shinani pia tusiisahau. Baada ya mimba mbili na kunyonyesha, upungufu wa madini ya chuma ni jambo ninaloliona mara kwa mara, na nywele huwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mwili huvipunguzia matumizi. Omba upimwe damu na akiba ya chuma. Omba pia kipimo cha tezi ya shingo kama unachoka kupita kiasi, moyo unakwenda mbio au uzito umebadilika bila sababu, kwa kuwa tezi huweza kuyumba katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Kula maini, dagaa, nyama ya kwenye mtori, maharage na mchicha uliokamuliwa limau, na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula. Ingoje kama saa moja, kwani huzuia chuma kisifyonzwe. Vidonge vya bayotini, aina ya vitamini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele havina msaada kwa mtu asiyepungukiwa bayotini, na huweza kuvuruga majibu ya kipimo cha tezi. Kama umekwisha kuvitumia, mwambie mtu wa maabara.

Mafuta yako hutayaacha, utayahamisha tu. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, chukua kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya nazi, yayeyushe kati ya viganja, uyapitishe kwenye urefu wa nywele na zaidi nchani, bila kugusa ngozi. Asubuhi osha. Nywele zikiwa bado na maji weka kondishona ya kubaki, ile isiyosuuzwa, kisha tone la parachichi au nyonyo nchani kufunga unyevu. Mara moja kwa wiki inatosha.

Usikae nyumbani ukiona nywele zinapungua katikati ya utosi huku panaungua au kuchoma, kwa kuwa kuna ugonjwa wa wanawake wa Kiafrika unaoanzia hapo na kuacha makovu kimya kimya. Vivyo hivyo ukiona kiraka laini kisicho na magamba, nyusi zikianza kutoka, au mtoto akitimiza mwaka na bado zinadondoka kwa mafungu.

Na siku utakayorudi kusuka, maana najua utarudi, mwambie msusi kabla hajashika kitana: mistari minene, rasta chache na nyepesi, malaika za mbele zibaki nje, na nikisema inauma ulegeze pale pale. Zisizidi wiki sita hadi nane kichwani, na ukifumua pumzika wiki kadhaa kabla ya kusuka tena. Ukifika nyumbani ukajikuta unatafuta panadol, fumua usiku huo huo.